Mtumishi na Nyumba Yake: Hesabu Kabla ya Msingi



Katika mkutano wetu uliopita palizuka maneno mengi juu ya shauri la nyumba, hata Mwenyekiti akalazimika kulifunga kwa kuwa giza lilikuwa limekwisha kuingia na wengine walikuwa na safari ya mbali. Yaliyosemwa jioni ile yalikuwa na moto mwingi kuliko hesabu. Basi tumeona vema kuyaandika yetu hapa, ili kila mmoja ayasome kwa nafasi yake, na asiyekubaliana nayo atujibu kwa wino katika kurasa hizi hizi.

Shauri lenyewe lilikuwa hili: mtumishi wa mshahara wa kadiri ajengeje? Wako waliosema asianze kabisa mpaka awe na fedha yote mkononi, maana nyumba nusu si nyumba. Wako waliosema aanze leo hii hata kwa mifuko mitano ya saruji, kwa kuwa anayengoja fedha zitimie atachukuliwa kwenda kaburini kutoka nyumba ya kupanga. Wa tatu, na hao ndio waliopigiwa makofi, walisema achukue mkopo amalize mara moja. Sisi hatukubaliani kwa ukamilifu na yeyote katika hao watatu, na twaomba uvumilivu wa wasomaji tueleze sababu zetu.

Jambo hili si la starehe. Baadhi ya waliotutangulia katika kazi walipofika kituoni walikuta nyumba ya Serikali inawangoja, mbovu au nzuri, na shauri la kujenga likabaki la kijijini kwao baada ya kustaafu. Lakini kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo, na sisi tuliokuja nyuma yao tukakuta funguo zimekwisha kugawanywa. Kisha mwaka 2016 lile shauri la kuhamia Dodoma, lililokatwa tangu mwaka 1973, likaanza kutekelezwa kwa nguvu. Makarani kwa mamia wakafungasha vyombo vyao na kuja huku, wakaanza kutafuta vyumba siku moja na wenzao wote. Kila mmoja wetu ajua mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na wengine mwaka mzima. Fedha hiyo ikitoka hairudi, wala haiachi hata tofali moja nyuma yake.

Upande wa uzee nao una maneno yake. Zamani wengi walikuwa wakisema, "Nitajenga kwa kiinua mgongo." Maneno hayo yalikuwa na maana kwa wale waliokuwa wakipokea nusu ya haki yao kwa mkupuo siku ya kustaafu. Tangu mifuko iunganishwe mwaka 2018, kanuni zimebadilika mara baada ya mara: zikashushwa hata asilimia 25, zikasimamishwa kwa malalamiko mwaka huo huo, zikawekwa asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha hiyo 33 kuwa 40. Hatuandiki haya ili kulaumu, maana sehemu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi na ina faida yake. Twaandika kwa sababu mtu aliyepanga nyumba yake juu ya namba moja mwaka 2010 alijikuta na namba nyingine alipofika miaka 60. Nyumba yatakiwa isimamishwe kwa mshahara, ukiwa bado unaingia, na kiinua mgongo kingojwe kama mvua ya ziada.

Sasa, ukitoka mjini kwenda pembezoni, upande wowote upendao, utayaona maboma. Kuta zimesimama hata linta, hazina paa, na ndani yake miti imeota mirefu kuliko mwenye nyumba. Mengi katika maboma hayo ni ya watumishi kama sisi, watu waliosoma, wajuao kujumlisha na kutoa, ambao ofisini hawawezi kupitisha hati ya malipo isiyo na fungu. Mwenzetu mmoja, mtu makini sana kazini, aliweka msingi wa nyumba ya vyumba vinne vya kulala, sebule mbili, na chumba cha wageni chenye bafu lake. Akaipandisha kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne watoto wawili wakaingia sekondari, na tangu siku ile hajaongeza hata kozi moja. Leo ni mwaka wa tisa. Kila Januari hulipa kodi ya nyumba anayokaa, na kila Jumapili huenda kulitazama boma lake, akang'oa majani, akarudi. Mvua za Dodoma si nyingi, lakini zinyeshapo hunyesha kwa fujo, na ukuta usio na paa hunywa maji kutoka juu. Kozi za juu za boma lile sasa hulegea kwa mkono.

Je, alikosa fedha? Hapana. Tulikaa naye tukajumlisha yote aliyotia pale kwa miaka mitatu, na ilionekana dhahiri kwamba ingetosha kumaliza nyumba ndogo, yenye paa na milango, na yeye akahamia. Fedha ilikuwapo. Ila aliitandaza juu ya msingi mpana mno, kama mtu mwenye blanketi moja atakaye kufunika vitanda vitatu.

Hapa ndipo twataka wanachama watuazime kalamu zao. Tuchukue nyumba mbili. Ya kwanza ina urefu wa meta 8 na upana wa meta 7: sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, na bafu na choo ndani. Eneo lake ni meta za mraba 56. Ya pili ni kama ile ya mwenzetu, meta 14 kwa meta 12, eneo meta za mraba 168.

Kuta za nje za ile ndogo zina meta 30 kuzunguka, nazo za ndani tukadirie meta 18. Jumla meta 48. Ukuta ukiwa na kimo cha meta 3, twapata meta za mraba 144. Tutoe 20 za milango na madirisha, zabaki 124. Tofali la inchi 6, lile lenye uso wa inchi 18 kwa 9, likijengwa kwa kusimama huingia tisa katika meta moja ya mraba. Basi twahitaji tofali 1,116. Msingi wa kozi nne kwa urefu huo huo hula tofali 417 hivi. Jumla 1,533, na tukiongeza tano katika kila mia kwa ajili ya zinazovunjika, twafika kama 1,610. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 28 zilizo imara, tofali hizo zote zataka mifuko 58. Fundi akikuahidi tofali 45 kwa mfuko mmoja usimshangilie: ni mchanga anaokuuzia.

Nyumba kubwa ina meta 52 kuzunguka, na za ndani tukadirie 46, jumla 98. Kwa hesabu ile ile, tukitoa meta za mraba 50 za milango na madirisha, twafika tofali kama 3,200. Angalieni sasa. Tofali zimekuwa mara mbili tu, lakini eneo limekuwa mara tatu. Ndiyo sababu boma humdanganya mtu. Akiwa katika kuta huona kwamba nyumba kubwa haimzidi nguvu sana, akajisifu, "Kwa mara mbili nimepata nyumba mara tatu." Siku kuta zinapokwisha ndipo deni huanza kujitokeza, kwa kuwa mambo yanayofuata hayapimwi kwa urefu wa ukuta. Zege la jamvi hupimwa kwa eneo. Dari hupimwa kwa eneo. Vigae vya sakafu hupimwa kwa eneo. Na mabati, tukiweka uchaga wa senti meta 60 kila upande na mwinuko wa kawaida, nyumba ndogo yataka kama meta za mraba 80, nayo kubwa zaidi ya 210, na mbao zake za kenchi ni nene na ndefu zaidi kwa kuwa zavuka nafasi pana. Mwenye nyumba kubwa amefika mlimani pale alipodhani amefika juu.

Hatukuandika bei, na hatukusahau. Bei ya saruji na nondo hubadilika kati ya siku gazeti hili linapochapwa na siku linapomfikia mwanachama wa Kigoma. Vipimo havibadiliki. Aliye na vipimo hupata bei dukani kwa asubuhi moja, bali aliye na bei bila vipimo hana kitu.

Basi rai yetu ni hii. Mtu na achore nyumba yake yote aitakayo, kubwa kama moyo wake, tena amwendee mchoraji aliyesajiliwa, si kijana wa kunakili ramani. Lakini ijengwe kwa mafungu, na fungu la kwanza liwe nyumba kamili kwa nafsi yake: paa, mlango unaofungwa, choo, maji. Akahamie. Siku ile ile anapohamia, kodi aliyokuwa akimpa mwenye nyumba inageuka kuwa fedha ya fungu la pili, na hilo ni ongezeko la mshahara ambalo hakuna afisa yeyote wa kulitia saini.

Hatukubuni jambo jipya. Babu zetu wa pwani walijua hivyo. Mtu alijenga vyumba viwili na ukumbi wa kati, akakaa, na vyumba vingine vikafuata, uani na mbele, kadiri jamaa ilivyoongezeka. Lililo jipya ni kwamba siku hizi nyumba ya saruji haikubali kuongezwa ovyo. Lazima fungu la pili lifikiriwe siku ya fungu la kwanza. Mahali patakapokuwa mlango wa kuingilia vyumba vipya, linta iwekwe sasa, kisha pazibwe kwa tofali. Siku ikifika zitatolewa bila kuutikisa ukuta. Paa la miteremko miwili hurefushwa kwa urahisi, lakini lile la pande nne, lenye mabonde na migongo mingi, ukitaka kuliongeza huna budi kulibomoa. Shimo la maji taka lisichimbwe mahali patakapokuwa chumba. Haya hayana gharama yoyote kwenye karatasi, na juu ya kiwanja gharama yake ni machozi. Mchoro wote upelekwe halmashauri kuombewa kibali, fungu la kwanza likiwa limeonyeshwa wazi, ili asije mtu akaweka alama ya X nyekundu ukutani.

Wapo watakaotucheka kwa neno la vyumba viwili. Twajua jinsi mambo yalivyo: karani akijenga nyumba ndogo, jirani husema amefilisika, na ndugu wa kijijini huuliza watalala wapi wakija. Walakini hatujamwona jirani aliyemlipia mtu kodi, wala boma lililolaza mgeni. Aibu ya nyumba ndogo huisha siku mtu anapoitandika. Tena katika jambo hili hili la fahari, mwatuona sisi makarani twavyozidharau zile tofali za udongo na saruji kidogo zinazoshikana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha namna ya kuzifyatua kwa mashine ya mkono. Hazichomwi kwa kuni, na kwa kuwa zashikana hazihitaji udongo mwingi wa kujengea. Zataka udongo uliopimwa na uchaga mpana. Watu huziita nyumba ya udongo, wakakimbilia tofali za mchanga zisizo na saruji ya kutosha, ambazo kwa kweli ni udongo zaidi.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ziko gharama ambazo hazimo katika karatasi za mafundi wala katika vichwa vya wengi wetu, nazo ndizo hula fungu la paa. Ya kwanza ni maji. Dodoma maji ya ujenzi hununuliwa kwa boza mahali pengi. Tofali lataka kumwagiliwa siku saba kwa uchache, zege vivyo hivyo, na lipu pia. Asiyemwagilia amenunua saruji akaitupa, kwa kuwa saruji hupata nguvu kwa unyevu na siyo kwa jua. Ya pili ni kupeleka vitu kiwanjani. Mchanga na kokoto kwa bei ya machimboni ni rahisi, lakini lori halendi bure, na kiwanja cha bei nafuu aghalabu ni kile cha mbali. Kisha mlinzi. Kisha mbao za kufungia zege, ambazo watu hudhani ni za fundi. Kisha kibali, kisha kuvuta umeme, kisha shimo la maji taka, ambalo peke yake laweza kula tofali za chumba kizima. Tena yako madirisha: mtu huhesabu mbao au aluminiamu na kioo, akasahau nondo za kuzuia wezi. Sisi twashauri, baada ya kujumlisha yote mtu ayajuayo, aongeze sehemu moja katika kumi kwa yale asiyoyajua, na hiyo asiiguse mpaka paa lifungwe.

Ardhi nayo iangaliwe kabla ya kuihesabu. Yako maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika huvimba na wakati wa kiangazi hupasuka hata mkono ukaingia ufani. Kiwanja cha namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi hufurahi. Msingi wake utataka kuchimbwa kupita udongo ule, au udongo utolewe na moramu ijazwe, au zege lenye nondo lizungushwe chini. Na kile alichookoa katika kiwanja kitakwenda chini ya ardhi mara mbili. Tena sisi wa huku tuko karibu na Bonde la Ufa, na mitetemeko ya ardhi husikika mara kwa mara. Kwa hiyo mkanda wa linta wenye nondo uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Fundi atakayekuambia linta ya juu ya milango tu yatosha, mshukuru, kisha umtafute mwingine.

Twafika kwenye mkopo. Hatuukatai. Mkopo ni chombo, na wenzetu wengi wasingekuwa na kiwanja bila huo. Lakini tuuhesabu. Tuseme mtu akope shilingi 10,000,000 kwa miaka sita, riba asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Kila mwezi atakatwa kama shilingi 217,000, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya 15,600,000. Yaani kwa kila tofali mbili alizojenga amelipia tatu. Je, ni vibaya? Yategemea fedha zile zimekwenda wapi. Zikiezeka nyumba akahamia, kodi aliyoacha kulipa humsaidia kulipa riba, na hesabu yaweza kusimama. Zikiingia katika msingi na kuta, atalipa riba miaka sita na kodi miaka sita, vyote viwili kwa mshahara mmoja, na sheria yenyewe yamtaka abaki na theluthi ya mshahara wake. Theluthi hiyo ndiyo ya chakula, nauli na ada. Ndipo huanza ile safari ya kwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi za benki za watu, habari ambayo kila ofisi ina mfano wake na hatuna haja ya kuieleza.

Kwa maneno mengine, anayetaka kukopa na akope ili kumaliza, asikope ili kuanza. Msingi na kuta vijengwe kwa akiba, polepole, kwa kuwa hatua hizo zavumilia kungoja kidogo. Tofali zaweza kununuliwa mia kwa mia zikapangwa kiwanjani, na hakuna mtu atakayekuja kukopa tofali kwa ajili ya msiba kama anavyokuja kukopa fedha iliyo benki. Saruji isilimbikizwe: baada ya miezi mitatu hivi huanza kupoteza nguvu, na ikipata unyevu hugeuka jiwe ndani ya mfuko. Paa ndilo halivumilii. Siku kuta zinapofika juu, fedha ya paa yatakiwa iwe imekwisha kuonekana, iwe ya akiba au ya mkopo. La sivyo kuta zisipandishwe, zisubiri chini.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, nasi twakubali. Bali kibaba chenyewe kiwe na ukubwa unaojulikana.

Juu ya mafundi hatutasema mengi, maana kila mtu ana kisa chake. Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja. Malipo yafuate hatua iliyokwisha na kukaguliwa, wala si siku zilizopita. Vifaa anunue mwenye nyumba au mtu wake, na kila risiti iingie katika daftari moja lenye safu tatu: kilichokadiriwa, kilicholipwa, tofauti. Sisi ambao kazi yetu ni kutunza madaftari ya Serikali tusishindwe na daftari la nyumba zetu wenyewe.

Lakini liko jambo ambalo hatutalipita upesi. Miaka michache iliyopita tulimzika mwanachama mwenzetu. Alikuwa na kiwanja, na juu yake nyumba iliyofika madirishani. Baada ya arobaini mjane wake alikuja ofisini akatuuliza karatasi ziko wapi. Hapakuwa na aliyejua. Tulipekua dawati lake tukapata risiti mbili za mabati ambayo hayakuwapo kiwanjani, na karatasi ya daftari iliyoandikwa jina la muuzaji bila saini ya shahidi. Muuzaji alikuwa amehama. Mabati yalikuwa yamelipiwa nusu dukani, na duka lilikuwa limebadili mwenyewe. Ndugu wa marehemu wakaja wakasema nyumba ni ya ukoo. Mama yule hakupoteza kwa kukosa haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Alipoteza kwa kukosa karatasi, kwa kuwa haki isiyo na karatasi huanza safari ndefu ya barazani na mahakamani, na yeye alikuwa na watoto wanne na nauli hana. Leo amepanga chumba kimoja, na kile kiwanja kina mtu mwingine.

Marehemu hakuwa mlevi wala mjinga. Alikuwa akitaka kumshangaza mkewe siku ya kuhamia. Twawasihi wanachama waliooa: acheni kushangaza. Bibi na aione ramani, alijue daftari, aende kiwanjani, na jina lake liandikwe katika hati pamoja na la mumewe. Kwa kweli tumeona, na wasomaji watatusamehe kwa kusema hivyo, kwamba nyumba ambazo mke ndiye mtunza daftari huisha mapema kuliko zile za siri. Na kiwanja kisilipiwe kabla ya kupekua katika ofisi ya ardhi kujua ni cha nani na kina deni gani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 tunachopewa ni haki ya kukalia ardhi kwa muda na kwa masharti, hivyo yatupasa kuyasoma masharti yenyewe, hasa muda uliowekwa wa kuendeleza, na kodi ya pango inayodaiwa. Kodi ya jengo siku hizi hukatwa kwa umeme tangu mwaka 2021, hiyo haina wa kuisahau. Ile ya ardhi ndiyo hujilimbikiza kimya kimya.

Kwa sababu hiyo twatoa shauri mbele ya Chama, nasi tutalisimamia katika mkutano wa mwisho wa mwaka. Chama kinunue sanduku moja la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Katibu na wa pili kwa Mtunza Hazina. Kila mwanachama anayejenga alete nakala za karatasi zake katika bahasha iliyofungwa: hati au mkataba wa kununua, ramani, kibali, mkataba wa fundi, na ukurasa wa mwisho wa daftari lake, uliofanywa upya kila Juni na Desemba. Juu ya bahasha aandike jina la mtu atakayekabidhiwa, na nambari ya simu yake. Bahasha isifunguliwe na yeyote ila kwa saini ya mwenyewe, au, akiwa hayupo tena, mbele ya huyo aliyetajwa na mashahidi wawili wa Chama.

Tumeuliza bei ya sanduku kwa mafundi chuma wawili. Tukichanga shilingi elfu moja moja kwa mwezi mmoja tu litapatikana, na chenji itabaki kwa ajili ya bahasha. Mwanachama mwenye neno la kupinga amwandikie Katibu kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao, ili liingie katika ajenda.